Kiti cha Msikilizaji

Kuna watu huheshimiwa kwa mali, wengine kwa elimu, wengine kwa kelele zao tu. Wifi yangu aliheshimiwa kwa sikio. Kiwandani tulimwita Bi Sikio, na hata wenye kiwanda, ambao majina yetu hayakuwakaa kichwani hata siku moja, hilo lake walilijua.

Ngoja nieleze kazi yenyewe kwanza, maana anayekunywa chai hajiulizi kikombe kimetoka wapi. Sisi tulitengeneza vyombo vya kauri ya mifupa. Ndiyo, mifupa ya ng'ombe, na usikunje uso, umeshanywea. Mifupa huchemshwa mpaka mafuta yote yatoke, ikachomwa mpaka iwe myeupe na ya kumeguka vidoleni, ikasagwa na maji kwenye kinu, halafu ikachanganywa na udongo mweupe na unga wa mawe. Karibu nusu ya kikombe ni mfupa. Ndiyo maana ukikiinua mbele ya dirisha unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na ndiyo maana, pamoja na wembamba wote ule, hakivunjiki ovyo. Mwenye navyo huvifungia kabatini na kuvitoa wakija wageni wa maana. Watoto wake mwenyewe hunywea vikombe vya bati.

Adui wa chombo cha namna hii ni ufa. Tanuri linaweza kukipasua mahali ambapo jicho halifiki, ufa mwembamba kama unywele, na wewe ukakiona kizima kabisa. Mtu akimimina chai ya moto leo, kesho, keshokutwa, siku ya nne kitako kinamdondokea mapajani pamoja na chai. Kwa hiyo kabla ya kufungwa, kila chombo lazima kipite kwa msikilizaji. Anakigonga mara moja kwa kijiti cha mti mgumu. Kizima hulia tiiing, sauti ndefu inayokwenda ikipungua mpaka unajiuliza kama bado ipo. Kilichopasuka husema ko, basi, yamekwisha. Wifi yangu aligonga vyombo elfu moja kwa siku, na kwa miaka kumi na minne hakikumpita hata kimoja.

Mimi nilikaa mkono wake wa kushoto. Kazi yangu ilikuwa kuvifunga vile alivyovipitisha, na kwa sababu hiyo wakanibandika jina la Karatasi. Sikulipenda, lakini jina la kubandikwa halina rufaa.

Tulianza kazi wiki moja, yeye na mimi, wasichana tusiojuana, na wote wawili tukatupwa kinuni. Kinu si mahali pa kumsimulia mtu anayekula. Ni mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka tangu asubuhi, ndani yake mawe yanaviringika juu ya mifupa, na kelele yake huisikii kwa masikio tu, unaisikia kwenye meno. Tulizungumza kwa mikono. Hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio. Sisi wenyewe tulichomoa pamba kwenye godoro kuukuu tukajiziba, na wanaume wa tanuri wakatucheka wakasema wasichana wa siku hizi mayai. Tukaitoa pamba kwa aibu. Miaka sita hiyo.

Ndani ya miaka hiyo nilimchukua siku moja nyumbani tule pamoja. Kaka yangu, fundi viatu, mtu ambaye hata nyumba ikiungua angemaliza kwanza kushona soli, siku hiyo aliinua kichwa. Nilikwenda na rafiki, nikabaki na wifi. Watu husema wifi na wifi hawaivi chungu kimoja. Tuligombana, sitaki kusema uongo. Tuligombana kuhusu mapazia, kuhusu malezi ya wanawe, kuhusu nani alimharibu kaka yangu kwa kumdekeza. Lakini hapakuwa na mtu duniani niliyepata kumpenda kwa ukaidi kama yule.

Msikilizaji wa zamani alipozeeka, walituita watu kumi tujaribiwe. Walipanga vikombe thelathini mezani, vitatu vimepasuka. Wengine wetu tulipata kimoja, viwili. Yeye alivitoa vyote vitatu na kuviweka kando kwa upole kama anayewalaza watoto. Wakamkalisha kwenye kiti cha msikilizaji, kiti cha mbao chenye mto mwekundu, na mimi nikamfuata kama mfungaji kwa sababu alikataa kukaa na mtu mwingine.

Sasa nije kwenye lililotuleta hapa.

Nilianza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Unamsemesha, anakujibu baada ya kukutazama. Unamwita mkiwa bombani, anapita. Akaomba apewe taa ya mezani, ati macho yamechoka, na nikaona haishii kugonga tu, anakiinua kila kikombe mbele ya taa na kukizungusha. Nilidhani ameanza kuringa. Siku niliyomwita mara tatu uani akapita kama sipo, nilimfuata hadi chooni nikamshika bega nikamtolea yote: kiti kimempanda kichwani, amesahau tulikotoka, na mengine ambayo leo naona haya kuyaandika.

Alinisikiliza, au tuseme aliutazama mdomo wangu, mpaka nikamaliza.

"Wifi," akasema, "vikombe vimenyamaza."

"Vimenyamaza vipi?"

"Vilianza vidogo. Vile vya kahawa. Nikasema labda udongo umebadilika. Halafu visahani. Sasa nikigonga naona tu kijiti kinagusa. Nakaa pale natikisa kichwa kama mjinga."

Alikuwa amekwenda zahanati bila kumwambia mtu. Muuguzi alimpima, akamwandikia kwenye karatasi kwamba mishipa ya ndani imekufa, kwamba ni kelele ya miaka mingi nyuma, na kwamba mishipa ya sikio ikishakufa haina dawa. Kinu. Kilimtafuna polepole, kikangoja mpaka apate kazi ya sikio, ndipo kikamaliza kilichobaki.

Na hofu yake haikuwa kuachishwa kazi tu. Kiwanda chetu kilikuwa na desturi yake. Mtu masikio yakimwisha hakufukuzwa. Alirudishwa kinuni, kwa hesabu ya kwamba kule hana tena cha kupoteza. Tuliwaona wawili waliorudishwa hivyo, wanatoka jioni wametapakaa unga mweupe, hawamsemeshi mtu, hakuna anayewasemesha. Alinishika mikono yote miwili.

"Nisirudishwe kule, wifi. Nifie hapa kwenye kiti. Kule nisirudishwe."

Nikamwapia. Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani.

Basi tukaanza udanganyifu wetu. Vikombe, visahani na sahani aliviangalia kwa taa, maana kauri yetu hupenyeza mwanga na ufa huonekana kama mstari wa penseli. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa hiyo mimi nilijifanya mvivu. Nilifunga kila chombo mara mbili na kulaumu karatasi, ili ionekane mimi ndiye ninayemchelewesha. Msimamizi wetu, ambaye daima aliweka penseli juu ya sikio na kwa hiyo tukamwita Penseli, alinikaripia kila wiki. Alipomsemesha wifi, nilimpiga teke chini ya meza: teke moja, geuka. Baada ya hapo alisoma midomo, na Mungu alimjalia, aliisoma upesi.

Kaka yangu hakuambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini wifi alisema mumewe akijua ataacha kula. Na kumficha hakukuwa kazi ngumu. Kaka yangu humung'unya maneno tangu utotoni, na siku hizi amezidi, hata mimi humwambia arudie mara mbili. Siku nyingine tulikaa watu watatu mezani, yeye anaongea, sisi tunaitikia tu, na wifi ananitazama nimwambie baadaye mumewe amesema nini. Mara nyingi nilibuni. Mambo yenyewe yalikuwa ya viatu.

Miezi tisa tulikwenda hivyo. Tatizo lilikuwa mtego.

Kila asubuhi, Penseli aliingiza chombo kimoja kilichopasuka katikati ya vile vizima. Aliandika namba yake, ile inayochorwa kwenye kitako, ndani ya kijitabu chake cha mfukoni. Msikilizaji alipaswa kukikamata na kumrudishia kabla kazi ya siku haijafungwa. Ilikuwa desturi ya zamani, imekuwapo kabla ya Penseli, na wifi yangu aliipenda alipokuwa mzima. Alikuwa akimrudishia mtego kabla ya saa tatu, na tabasamu juu yake. Mtego daima ulikuwa kikombe au kisahani, na taa ilitusaidia.

Siku ile tulikuwa na kazi ya hoteli kubwa. Seti za chai, na ndani yake mabuli arobaini na nane. Buli si kikombe. Tumbo lake limejifunga, taa haiingii, na haya yalikuwa yamechorwa maua kuanzia mdomo hadi mkono na kupakwa dhahabu juu. Jicho halioni kitu. Wifi aliyagonga yote arobaini na nane kwa uso wa mtu anayesikia, nami nikayafunga na kuyapanga kwenye makasha, sita sita. Tulijua ni kamari. Tulijiambia tanuri halipasui mabuli mengi.

Kufikia karibu saa sita mchana trei zote za vikombe na visahani zilikuwa zimekwisha, na mtego haukuwa umeonekana. Wifi alivirudia vikombe vya mwisho mbele ya taa, kimoja kimoja. Hakuna. Akageuka akanitazama, nikaona uso wake umekwisha.

"Ni buli," akasema.

Kengele ya chakula ilipigwa na watu wakatoka. Penseli alikuwa na kawaida ya kwenda kula kwake na kurudi saa saba na nusu. Alipokuwa akipita alisimama mlangoni, akauliza, "Bi Sikio, mtego wangu leo umekushinda?" Nikapiga teke. Wifi akacheka kicheko kizuri kabisa na kusema ataupata akirudi. Sijui alikitoa wapi kicheko kile.

Tulifunga mlango wa chumba cha kufungia tukafungua makasha manane.

Fikiria tulivyokuwa. Anayeujua ufa hasikii, na anayesikia haujui. Tulipiga magoti sakafuni katikati ya karatasi zilizochanika, mimi nikashika kijiti kwa mara ya kwanza maishani, nikagonga la kwanza.

"Linalia," nikasema.

"Linaliaje?"

"Linalia tu, wifi! Tiing."

"Mwisho wake. Sauti inakwenda ikipungua au inakatika?"

Nikagonga tena. Sikujua. Nikagonga la pili na la tatu na la kumi. Kwangu yote yalikuwa mamoja, yote tiing fupi, hakuna lililokwenda likipungua kama alivyokuwa akinisimulia miaka yote. Nikamwambia. Akafunga macho.

"Si kosa lako. Hukujifunza. Sikio hufundishwa."

Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda. Alichukua buli moja akalikumbatia, nikadhani anaenda kulivunja, na kusema kweli wakati ule nisingemzuia. Lakini aliinamisha kichwa akaliegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, pale pagumu.

"Gonga," akasema.

Nikagonga. Akalikaza zaidi kwenye mfupa.

"Tena."

Nikagonga tena. Macho yake yakafunguka, yamejaa machozi.

"Linatambaa, wifi. Nalisikia linatambaa kwenye mfupa. Kama chungu anatembea." Akalitua, akachukua lingine. "Gonga! Gonga upesi!"

Basi tukaenda hivyo, buli baada ya buli, mfupa wa ng'ombe kwenye mfupa wa mtu. Alitaja kila moja. Zima. Zima. Zima. Mimi nilifunga upya yale mazima kwa mikono ambayo haikujua tena kufunga. Saa saba. Saa saba na robo. Magoti yanawaka moto, jasho linatudondokea juu ya dhahabu ya watu tunaifuta kwa nguo zetu. Kasha la tano, la sita. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayana adabu. Kasha la saba, buli la pili, nikagonga, akatulia. Akasema tena. Nikagonga. Akalihamishia upande wa pili wa kichwa. Nikagonga.

"Limekufa," akasema. Halafu akapaza sauti, akasimama nalo juu kwa mikono miwili, anapiga kelele kama hakuna mtu mwingine duniani: "Nimelipata! Limekufa hili! Wifi, nimelipata!"

Mimi nilikuwa nacheka, nimeshika mdomo. Ndipo nikaona kivuli juu ya karatasi.

Penseli alikuwa amesimama nyuma yetu, ndani ya chumba, mlango uko wazi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilikuwa nimezama mno kazini kumsikia akiingia. Akanitazama usoni, si yeye, mimi, na miguu yangu ilikuwa mbali na ya wifi, sikuweza kumpiga teke.

"Bi Sikio," alisema. Wifi alikuwa bado amempa mgongo, analigeuza buli kwenye mwanga. "Bi Sikio."

Wifi alifuata macho yangu akageuka. Aliposimama mbele ya Penseli uso wake ulikuwa bado na furaha ile, hakuwahi kuitoa.

"Nilikuwa nakuletea mtego wako, bosi."

Penseli akalipokea, akalipindua, akafungua kijitabu. Namba ilikuwa ndiyo.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Ila nimekuita mara tano."

Hakuwa mtu mbaya yule, ningependa angekuwa mbaya. Alichukua kikombe mezani, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya kichwa cha wifi, akakigonga kwa penseli yake, mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Wifi alisimama akinitazama mimi, anatabasamu, anangoja nimwonyeshe kinachoendelea. Mimi sikuonyesha kitu. Hakukuwa na cha kuonyesha.

Alimpa uchaguzi: kinuni au nyumbani. Alimwandikia ili asikosee. Wifi alikichukua kile kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, akasema kwa sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe, "Kinuni sirudi." Akautoa mto mwekundu kwenye kiti, ulikuwa wake, ameushona mwenyewe, akatoka nao kwapani kupitia uani mchana ule, watu wanarudi kutoka kula wanampisha njia.

Penseli akanigeukia.

"Wewe na yeye mmekaa meza moja miaka kumi na minne. Masikio yako mazima?"

"Mazima, bosi," nikasema.

Hilo nililisema haraka mno. Nimelifikiria sana tangu siku ile. Nilijiambia afadhali kiti kibaki kwa ndugu kuliko kwenda kwa mtu baki. Nilijiambia mengi. Kesho yake nilikaa juu ya mbao tupu, bila mto, nikaanza kugonga. Taa ya wifi niliiacha pale pale, maana nilikuwa mgeni, na mgeni anaruhusiwa taa. Mitego ilikuwa vikombe na niliikamata yote. Vyombo vingine vyote vilinilia. Nilipitisha vingi kwa siku kuliko alivyopata kupitisha yeye, mpaka Penseli akasema tanuri limetengemaa.

Anayestaafu kiwandani kwetu hupewa seti ya chai, buli moja na vikombe sita na visahani vyake, ile ya maua na dhahabu. Wafanyakazi ambao miaka yote wametengeneza vyombo hivyo kwa ajili ya meza za wengine huwekewa vyao mara moja, mlangoni, wakitoka. Penseli aliniambia ya wifi niichague mimi, niisikilize mimi. Nilitenga saa nzima. Nilikigonga kila kimoja mara tano, bila taa, kwa heshima, kama yeye. Niliifunga kwa karatasi mpya.

Jumapili baada ya chakula nikaipeleka. Kaka alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, ana kiatu magotini. Alikuwa ameshajua yote kwa wakati huo, na kweli alikuwa ameacha kula. Wifi alifungua karatasi polepole, akavipanga vikombe mezani kwenye kitambaa cheupe, akachukua kijiko cha chai. Nikajua anachotaka kufanya, na nikafurahi. Nilitaka aone kazi yangu.

Alikiegemeza cha kwanza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akagonga. Akatikisa kichwa, kizima. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne alitulia.

Akagonga tena. Akakihamishia upande wa pili, akagonga. Kisha akasimama, akakipeleka dirishani, akakizungusha juani mpaka kikafika pale mkono wa kikombe unapoungana na tumbo. Alinionyesha kwa ukucha. Mstari mwembamba, unashuka toka ukingoni, unajificha nyuma ya ua.

"Nani alikisikiliza hiki?"

Nilifikiria kumtaja mtu. Yupo msichana mpya, ningeweza kumtaja.

"Mimi."

"Ulisikia nini?"

"Kililia, wifi. Naapa. Kililia kama vingine vyote."

Kisha akamgeukia mumewe, akakigonga kikombe mbele yake kwa kijiko, akamuuliza, "We, hiki kinasemaje?"

Kaka yangu aliinua kichwa kwenye kiatu. Nikaona kucha zake zina nta nyeusi, nikaona kisigino cha chuma alichokuwa anakipigilia, aina ile ile aliyompigilia Penseli mwaka uliopita, viatu ambavyo juu ya sakafu ya saruji husikika toka mwisho wa jengo mpaka mwisho. Kila mtu kiwandani huvisikia. Siku ile ya mabuli Penseli alikuja navyo chumba kizima mpaka nyuma yangu.

Midomo ya kaka ilicheza. Alisema kitu.

Wifi akanitazama mimi, kama tulivyozoea, nimwambie mumewe amesema nini. Nami nilikuwa namtazama yeye.

Kaka alirudia, nikaona anarudia. Halafu wifi akakiweka kikombe mezani pamoja na wenzake, akaushika mgongo wa kiti changu kwa mikono yake miwili, akakivuta mpaka nikamkabili kaka uso kwa uso.

"Mtazame mdomo, wifi," akasema. "Usimtazame macho. Anza na mdomo."